Ukoka si mahindi: mwongozo kamili wa mbolea kwa bustani ya nyumbani

Ukiingia duka la pembejeo, iwe Kariakoo au Mbeya mjini, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Unapandia au unakuzia?" Kwa mwenye shamba la mahindi ni swali sahihi kabisa. Kwa mwenye ukoka mbele ya nyumba halina jibu, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Muuzaji anakupimia kilo tano za urea, unarudi nyumbani, unaimwaga kama ulivyoona ikimwagwa shambani, na baada ya siku nne bustani ina mabaka ya kahawia.

Mimi yalinikuta. Nyumba ilikuwa mpya, ukoka ulikuwa na miezi mitano, na nilitaka uwe kijani kabla ya sherehe ya ukoo. Nilirusha urea saa sita mchana kwa mkono wazi, bila kupima, halafu nikanyunyizia maji kidogo tu kwa sababu bomba lilikuwa halitoi. Sherehe ilifanyika kwenye nyasi zilizoungua kwa mistari iliyofuata mkono wangu ulikopita. Tangu siku hiyo napima kila kitu, na mwongozo huu umetokana na vipimo hivyo.

Shika jambo moja kwanza. Mahindi unayalisha ili yakimbie juu, yabebe, kisha uvune na kuondoka. Ukoka hautaki kukimbia juu. Unataka utambae, ujazane, ukae mwaka mzima ukikanyagwa na watoto. Mkulima wa mahindi huweka kizibo cha soda cha mbolea kwenye shimo na kukifukia. Wewe huwezi kufukia. Mbolea yako inabaki juu ya majani na juu ya udongo, kwenye jua. Kwa hiyo dozi ya ukoka ni ndogo, inarudiwa mara nyingi zaidi, na haitengani na maji.

Hatua ya 1: Jua una nyasi gani

Si kila nyasi ina njaa sawa.

Paspalamu ndiyo imeenea sana Dar es Salaam, Zanzibar na pwani yote. Kwa asili huota kandokando ya bahari, ndiyo maana inavumilia maji ya kisima yenye chumvi kuliko nyasi nyingine. Haili sana. Ukiizidishia naitrojeni, kile kirutubisho kinachokuza majani, inakuwa laini kama sponji, unazama ukiikanyaga, na fangasi wanaipenda.

Ukoka wa kienyeji wa majani membamba, ndugu wa zile zinazouzwa kwa jina la Bermuda, hula sana na hutaka jua kutwa nzima. Kivulini hauna mbolea itakayouokoa.

Nyasi za Kikuyu ni za nyanda za juu: Nairobi, Limuru, Arusha, Lushoto, Njombe. Asili yake ni milima yetu ya Afrika Mashariki, na kutoka huku zilipelekwa Australia, Afrika Kusini na California, ambako leo ni nyasi za kawaida za viwanja na bustani. Zinakua kwa nguvu sana na hula vizuri, lakini ukizipanda kwenye joto la pwani utahangaika nazo bure.

Nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zinavumilia kivuli kiasi. Zipe kidogo, na usizikate chini sana.

Kwa mwaka mzima, mita za mraba 100 za ukoka wa kienyeji au Kikuyu zinahitaji kati ya kilo 1 na kilo 2 za naitrojeni halisi. Paspalamu na nyasi za Pemba zinatosheka karibu na kilo 1. Nimesema naitrojeni halisi, si kilo za mfuko; tofauti yake ni kubwa na tutaihesabu hapo chini.

Hatua ya 2: Uulize udongo kabla ya kununua chochote

Watu wengi wanaruka hatua hii. Mimi naona ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa sababu nusu ya bustani zinazolalamikiwa hazina njaa. Zina udongo ulioshindiliwa na magari ya ujenzi, au zimepandwa juu ya kifusi cha saruji, au ziko chini ya mwembe.

Anza na vipimo vya nyumbani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache. Mchanga unatuama ndani ya dakika moja hivi. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza kuchukua siku moja au zaidi. Ukiona karibu yote imetuama papo hapo, una udongo wa kichanga kama wa Kigamboni au Mbezi Beach: mbolea inapita na maji kwenda chini, hivyo utalisha kidogo kidogo na mara nyingi zaidi. Ukiona maji yamebaki mekundu mpaka kesho yake, una mfinyanzi: unashika mbolea vizuri, tatizo lako litakuwa hewa na maji yanayosimama.

Kisha chukua udongo mkavu kijiko kimoja, umwagie siki. Ukichemka na kutoa mapovu, udongo una chokaa, jambo la kawaida pwani penye mawe ya matumbawe. Kumbuka jibu hilo. Litaamua ununue nini.

Ukitaka jibu kamili, peleka sampuli maabara. Chimba sehemu 10 hadi 15 ukizunguka bustani nzima, kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, chukua nusu kilo. Tanzania kuna maabara za udongo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro na kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo) cha Mlingano mkoani Tanga; Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete. Waambie ni bustani ya nyasi, si mazao, la sivyo watakuandikia ushauri wa mahindi.

Na kama bisibisi ndefu haizami kwenye udongo wenye unyevu, acha habari ya mbolea kwa leo. Chukua uma wa bustani, toboa mashimo ya sentimita 8 hadi 10 kila baada ya hatua ndogo, piga mchanga na mboji juu yake kwa reki. Mizizi isiyopata hewa haiwezi kula hata ukiiwekea mfuko mzima.

Hatua ya 3: Pima bustani

Tumia futi kamba. Urefu mara upana, kisha utoe njia ya gari, vitanda vya maua na pale ulipojenga banda. Bustani ya mita 12 kwa 8 ni mita za mraba 96. Ukitoa njia ya mita 3 kwa 8 zinabaki 72. Namba hiyo iandike ukutani stoo, hutaipima tena.

Hatua ya 4: Soma namba za mfuko

Mfuko ulioandikwa 17-17-17 una naitrojeni asilimia 17, kisha fosforasi, kisha potasiamu, kwa mpangilio huo siku zote. Namba ya pili na ya tatu huhesabiwa zikiwa kama oksidi, lakini kwa matumizi ya nyumbani hilo halikubadilishii kitu.

Naitrojeni ndiyo rangi ya kijani na ukuaji wa majani. Fosforasi ni ya mizizi, na ukoka unaihitaji zaidi siku za kupandwa. Ukishakomaa unahitaji kidogo sana. Potasiamu haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayousaidia ukoka kustahimili ukame, magonjwa na kukanyagwa. Kwenye udongo wa kichanga potasiamu huoshwa haraka, na nadhani ndiyo inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu haikupi furaha ya kuona kijani wiki ijayo.

Hizi ndizo mbolea utakazozikuta dukani, na maoni yangu juu ya kila moja.

Urea, naitrojeni asilimia 46. Ni nafuu ukilinganisha nguvu yake, na inaunguza kwa wepesi. Ikibaki juu ya udongo wenye joto bila maji, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka gesi ya amonia na kupotea hewani, hasa udongo ukiwa na chokaa. Kama huna uhakika wa maji siku hiyo, usiiguse.

CAN, naitrojeni asilimia 26 au 27 pamoja na kalsiamu. Hii ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. Haipotezi sana kwa gesi, inafanya kazi haraka, na haiuchachushi udongo, yaani kuutia tindikali, sana kama nyingine. Nyanda za juu, kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, ndiyo chaguo langu la kwanza.

SA, yaani salfeti ya amonia, naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Inauchachusha udongo kuliko mbolea zote za kawaida. Kwa hiyo pwani, pale siki ilipochemka, ni rafiki: inapunguza ukali wa chokaa karibu na mizizi. Njombe au Limuru, ambako udongo tayari una tindikali, iache dukani.

NPK 17-17-17, yenye virutubisho vyote vitatu, inafaa mara moja au mbili kwa mwaka, hasa kama hujapima udongo. Ukiitumia kila mara unarundika fosforasi usiyoihitaji, na mvua inaipeleka mtoni.

DAP, 18-46-0, ni ya kupandia. Unapoanzisha bustani mpya, kilo 1 kwa mita za mraba 100, ikichanganywa kwenye udongo wa juu kabla ya kupanda vipandikizi, inatosha. Kuirusha juu ya ukoka uliokomaa ni kupoteza fedha.

Mbolea ya Minjingu, inayotokana na miamba ya fosfati kule Minjingu mkoani Manyara, ni ya kupandia pia, na inahitaji tindikali ya udongo ili iyeyuke. Kwa hiyo Mbeya na Lushoto inafanya kazi nzuri. Kwenye udongo wa chokaa wa pwani inakaa tu bila kuachia kitu.

Kwa potasiamu kuna MOP (kloridi ya potasiamu), yenye asilimia 60, na SOP (salfeti ya potasiamu), yenye asilimia 50. MOP, kwa kuwa ni kloridi, ina chumvi zaidi. Kama unamwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi usiongeze chumvi juu ya chumvi, tafuta SOP. Jivu la kuni lina potasiamu pia, lakini linafanya kazi kama chokaa. Linafaa nyanda za juu, pwani linaharibu.

Hatua ya 5: Nunua kwa macho wazi

Tanzania mbolea inasimamiwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na muuzaji anatakiwa awe na leseni. Angalia mfuko umeshonwa, umeandikwa asilimia za virutubisho, uzito na jina la mtengenezaji au mwagizaji. Tatizo letu wenye bustani ndogo ni kwamba hatuhitaji kilo 50, hivyo tunapimiwa kutoka mfuko uliofunguliwa, na hapo ndipo uchakachuaji unapoingia. Tafuta mfuko mdogo uliofungwa, au mchange majirani watatu mgawane mfuko mmoja.

Una wasiwasi na urea uliyopimiwa? Weka vijiko viwili vya chakula kwenye glasi ya maji na ukoroge. Urea halisi inayeyuka yote na glasi inakuwa ya baridi sana mkononi. Chumvi nayo inayeyuka, ila haileti baridi ya namna hiyo. Mchanga unabaki chini. CAN nayo inapoza maji, lakini inaacha unga mweupe chini. Hiyo ni chokaa yake, si udanganyifu.

Jambo jingine nalisema kwa moyo wote. Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda sana duniani, Serikali ilianzisha ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa. Mbolea hiyo ni ya mtu anayelima chakula. Usimtume shangazi kijijini akununulie mfuko wa ruzuku kwa ajili ya ukoka wa Mikocheni. Lipa bei kamili. Kwa bustani ya kawaida kilo tano za CAN zinakusogeza miezi mingi.

Hatua ya 6: Hesabu dozi

Kwa mlisho mmoja, lenga gramu 250 za naitrojeni halisi kwa mita za mraba 100. Gawanya 250 kwa asilimia ya naitrojeni ya mfuko, kisha zidisha kwa 100. Majibu nimeshayahesabu, kwa mita 100:

- Urea: gramu 550
- CAN: kilo 1
- SA: kilo 1.2
- NPK 17-17-17: kilo 1.5

Bustani yetu ya mita 72 inahitaji basi gramu 400 hivi za urea, au gramu 720 za CAN. Urea hiyo ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu kwa kila mita ya mraba. Nimewahi kuweka ukufi wangu mmoja wa urea kwenye mizani ya jikoni: gramu 45, dozi ya mita nane. Jaribu nawe uone mkono wako unabeba nini, utaelewa kwa nini kurusha kwa makadirio kunaunguza.

Udongo wako ni mchanga mtupu? Weka theluthi mbili ya dozi, lakini rudia kila wiki nne au tano katika misimu ya kulisha ya kalenda iliyo hapo chini. Kwenye mfinyanzi dozi kamili kila wiki sita hadi nane inatosha. Usizidi mara mbili ya dozi hii kwa mkupuo mmoja hata nyasi zikiwa njano kiasi gani.

Nunua mizani ndogo ya jikoni itakayokaa stoo, si ile ya kupimia unga. Ukishapima dozi mara moja kwenye kopo, weka alama kwa wino usiofutika. Kuanzia hapo kopo ndilo mizani yako, ila kila aina ya mbolea iwe na alama yake kwa sababu uzito wake haufanani.

Hatua ya 7: Siku ya kuweka

Kata nyasi siku mbili au tatu kabla. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwagilia kidogo, udongo uwe na unyevu, lakini wakati wa kurusha majani yenyewe yawe makavu. Punje ikinata kwenye jani lenye umande inayeyuka palepale na kuliunguza. Kwa hiyo saa mbili au saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na jua halijakolea, au saa kumi na moja jioni.

Gawa dozi sawa kwa sawa kwenye ndoo mbili. Kila nusu ichanganye na mchanga mkavu, debe moja kwa mita 100, ili mkono uwe na kitu cha kurusha na punje zisambae. Vaa glavu. Ndoo ya kwanza irushe ukitembea toka ukutani kwenda barabarani, mistari ikikaribiana. Ya pili uirushe ukikatiza mistari ile. Mtu aliyerusha upande mmoja tu utamtambua baada ya wiki: bustani yake ina michirizi kama pundamilia. Ndoo ijazwe barazani au juu ya turubai, kamwe si juu ya nyasi, maana kitakachomwagika kitaacha kidonda cha miezi miwili.

Fagia punje zilizoangukia kwenye sakafu na njia, uzirudishe kwenye nyasi. Zikibaki pale, mvua ijayo itazipeleka mtaroni, na mtaro unaenda baharini.

Kisha maji, mara moja, si kesho. Weka kopo tupu lenye pande zilizonyooka katikati ya bustani na umwagilie mpaka maji yafike sentimita 1 ndani yake. Hiyo ni lita 10 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita 100 ni tangi zima la lita 1,000. Najua kwa wengi wetu maji hayo hayapo, au yapo kwa mgao. Ndiyo maana kalenda yangu yote nimeifunga kwenye mvua. Mvua ya wastani baada ya saa chache ndiyo zawadi kubwa. Mvua ya kumwagika kwa ndoo ni hasara, mbolea yote inaondoka.

Watoto, mbwa na kuku wakae mbali mpaka mbolea izame na majani yakauke. Usikate nyasi kwa siku tatu nne.

Kalenda

Pwani na Dar es Salaam, mlisho wa kwanza ni mwishoni mwa Machi, mvua za masika zikishajionyesha kwamba zimekuja kweli. Aprili yote pumzika. Mvua ni nyingi mno. Rudi katikati ya Mei, mvua zikianza kulegea na udongo ungali na maji. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, weka nusu dozi mara moja kama una maji ya kumwagilia, kama huna, acha. Vuli ikianza, Oktoba au Novemba, dozi kamili. Katikati ya Desemba ongeza potasiamu, gramu 500 za SOP kwa mita 100, ukiuandaa ukoka kwa jua la Januari na Februari. Miezi hiyo miwili usiweke naitrojeni hata kidogo. Ukoka uliofifia wakati wa kiangazi umelala, haufi. Ukiulazimisha uamke bila maji ndipo unaua mizizi.

Arusha na Nairobi mpangilio ni huohuo, ila Juni na Julai baridi inapunguza ukuaji, msilishe. Mbeya, Iringa na Njombe zina msimu mmoja wa mvua: Desemba, Februari na mapema Aprili zinatosha.

Samadi, mboji na majani uliyokata

Kama ningeruhusiwa kukupa ushauri mmoja tu usiogharimu kitu, ni huu: acha majani uliyokata palepale. Vipande vifupi vinaoza ndani ya wiki chache na vinaweza kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo bustani inahitaji kwa mwaka. Anayeyafagia yote na kuyachoma anavuna kila wiki mbili kama mkulima wa mahindi, halafu anashangaa kwa nini udongo unachoka. Sharti lake ni kukata mara kwa mara, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, na kisu cha mashine kiwe kikali.

Samadi ya ng'ombe na mboji hazina naitrojeni nyingi, lakini zinaufanya udongo wa kichanga ushike maji na mbolea, kazi ambayo hakuna mfuko wa dukani unaoifanya. Iwe imeoza kabisa: imepoa, ni nyeusi, inanukia udongo baada ya mvua. Samadi mbichi italeta harufu, nzi na mbegu za magugu ambazo utang'oa miaka miwili. Ichekeche kwa chekecheo la mchanga, tandaza nusu sentimita tu, toroli nane hivi kwa mita 100, piga reki mpaka ncha za majani zionekane tena. Mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa masika au vuli.

Mbolea ya kuku ni kali. Ile ya banda la kuku wa nyama iliyochanganyika na maranda irundikwe, ilowanishwe na igeuzwe kwa miezi mitatu angalau. Ikishaiva, kilo 10 zilizochekechwa kwa mita 100 ni mlisho mzima. Usiongeze urea juu yake mwezi huo.

Bustani ikilalamika

Majani ya zamani, ya chini, yakigeuka njano wakati machanga ni kijani, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Lisha.

Majani machanga yakiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, kosa ni chuma, na ni jambo la kawaida sana kwenye udongo wa chokaa. Hapo naitrojeni inazidisha tatizo kwa sababu inaongeza majani yanayotaka chuma. Yeyusha gramu 60 za salfeti ya chuma kwenye lita 15 za maji, nyunyizia mita 100 jioni kwa bomba la mgongoni. Kijani kinarudi ndani ya siku chache. Angalia isiguse sakafu wala ukuta mweupe, doa lake la kutu halitoki.

Mabaka ya mviringo yanayopanuka, yenye ukingo wa rangi nyingine, ni dalili ya fangasi. Acha mbolea, acha kumwagilia usiku.

Njano ya chini ya mti ni kivuli na mizizi ya mti. Panda nyasi za Pemba au weka kokoto.

Chokaa ya kilimo usiweke kwa sababu jirani ameweka. Ni ya udongo uliopimwa na kuonekana una tindikali kali, na isikutane na urea wala SA. Ziachanishe kwa wiki kadhaa, la sivyo naitrojeni nyingi inaondoka kama amonia na utaisikia puani.

Ukiunguza, kama nilivyounguza mimi, mwagilia kwa wingi siku hiyo hiyo na siku tatu zinazofuata, kusukuma chumvi chini ya mizizi. Usikate. Usiweke kitu kingine kwa wiki sita. Shina linalotambaa likiwa bado jeupe ndani ukilikwaruza, litachipua. Pale lilipokauka kabisa, chimbua sentimita tano, toa udongo ule, weka mpya wenye mboji na upande vipandikizi kutoka pembeni.

Kuhifadhi

Mbolea inanyonya unyevu hewani. Iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya ubao, mbali na mifuko ya saruji na mafuta. Andika jina lake kwa maandishi makubwa. Urea inafanana na chumvi na sukari, hivyo isiwekwe kamwe kwenye kopo la chakula wala chupa ya soda, na isikae jikoni hata kwa siku moja.

Kama una kisima, acha mita kadhaa kukizunguka bila mbolea kabisa. Naitrojeni iliyozidi huzama chini ikiwa nitrati, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa kwa sababu zaidi ya hapo ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Na wenye mbuzi au ng'ombe nyumbani, fungeni mlango wa stoo kwa kufuli: mnyama anayecheua akilamba urea kwa wingi anaweza kufa ndani ya saa chache, kabla daktari wa mifugo hajafika.